Kisu Kizuri Kiko Kiuno Gani?

Kila Desemba, vijana wanaporudi Endulen kutoka Dar es Salaam, Arusha na Unguja, ubishi ni uleule. Mmoja anatoa mfukoni kisu cha kukunja alichopewa na mgeni: mpini wa mbao iliyong'arishwa, bapa linang'aa kama kioo. Mwenzake anamcheka. Kwake yeye, kisu cha kutembea nacho kila siku ni cha springi ya gari, kizito, cheusi, unakata nacho mfupa na bado kinachonga fimbo. Kile ni cha maonyesho, anasema, hiki ni cha kazi. Wanabishana mpaka chai inapoa, chai yenye tangawizi iliyokatwa kwa kisu ambacho hakuna aliyekitaja.

Nimeusikia ubishi huu tangu niko sekondari. Sasa nasoma shahada ya uzamili na kila likizo naukuta umekaa palepale. Pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa namna moja. Kisu kigumu au kisu kizuri, hilo ni swali la pili. La kwanza ni nani anayekata.

Likizo iliyopita nilijaribu kuhesabu. Nilikaa nje ya nyumba ya mama na daftari, kama tunavyofundishwa kufanya utafiti, nikaweka alama kila kisu kinapotoka. Upande wa baba, siku nzima, sime ilichomolewa mara mbili. Mara ya kwanza alikata kamba iliyokuwa imemkaba ndama shingoni. Mara ya pili alimwonyeshea mgeni njia ya kwenda mnadani. Upande wa mama nilipoteza hesabu kabla ya saa sita mchana. Alikata kabeji. Alipasua gunia la plastiki ili alifumue apate kamba. Alichuna magome ya kufungia fito, maana nyumba ilikuwa inavuja upande wa mlango na nyumba kwetu hujengwa na mwanamke. Alichonga kigingi cha kuwambia ngozi, akakwangua ngozi yenyewe, akakata mzizi wa dawa, akakata nyuzi za shanga, akamkata mdogo wangu kucha. Kisu kilikuwa kimoja. Mpini wake wa plastiki umevunjika nusu na umezungushiwa mpira wa baiskeli. Hakina ala, kimeviringishwa kwenye kitambaa na kusokomezwa kwenye fundo la shuka.

Kwa hiyo mtu akiniambia habari za kisu cha kazi, namuuliza: kazi ya nani?

Lugha yetu iliona jambo hili zamani. Kimaa kina jinsia katika nomino: kitu kikubwa huwekwa upande wa kiume, kidogo upande wa kike. Sime ni olalem. Kisu ni enkalem. Mzizi ni mmoja, ila lile bapa refu linaloning'inia kiunoni ni dume, na lile fupi linalokata kutwa nzima ni jike. Ninapenda kulitaja hili mbele ya vijana wetu wanaojidai kuijua mila, kwa sababu wanachobishania pale barazani ni enkalem, kisu kifupi. Wanabishania chombo ambacho hata jina lake liko upande wetu.

Tuseme kidogo kuhusu chuma, maana hapo ndipo dhuluma ilipojificha. Kisu kinatakiwa kushika makali na pia kisivunjike, na mambo haya mawili hayapatani. Pua ikipashwa moto hadi iwe nyekundu kisha ikazamishwa kwenye maji au mafuta, inakuwa ngumu na inameguka kirahisi. Ikipashwa tena moto mdogo inapungua ugumu, lakini inapata ustahimilivu. Springi ya gari imetengenezwa kwa pua inayoweza kupinda na kurudi mara maelfu bila kukatika, ndiyo maana wahunzi wanaipenda. Tupa iliyochakaa ina kaboni nyingi zaidi. Inashika makali muda mrefu, lakini ukiibana kwenye mfupa inaweza kumeguka. Sasa nenda mnadani na noti ya elfu mbili. Utapata kisu chembamba cha chuma kisichoshika kutu, laini, kinachonoleka upesi kwenye jiwe na kupoteza makali kabla gunia halijaisha. Ukikilazimisha kinapinda. Hicho ndicho anachonunuliwa mama. Kwa maneno mengine, chuma bora kabisa cha boma kinavaliwa na mtu anayekitoa mara mbili kwa siku, na chuma duni kabisa kiko mkononi mwa mtu asiyekiweka chini.

Na kisu butu hakimwonei huruma anayekishika. Kinahitaji nguvu, na nguvu ikiteleza haichagui pa kuishia. Mama mdogo alikuwa anakata dumu la mafuta apate vipande vyembamba vya plastiki, vile vinavyowekwa kati ya mistari ya shanga ili mkufu mpana usimame. Kisu kilikuwa kimeisha makali, akakandamiza, bapa likapinda, likamwingia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Alishonwa, kidonda kikapona, lakini kidole hakikunji tena. Anatunga shanga kimenyooka kama penseli. Shanga ndiyo hela yake pekee, ndiyo sabuni, ndiyo daftari za watoto wake. Mkufu aliokuwa akiumaliza kwa siku mbili sasa unamchukua wiki. Nikisikia mtu anasema suala la visu ni mchezo wa vijana, nakumbuka kidole kile.

Jambo jingine linalonikera liko kwenye maduka ya vinyago pale Karatu. Utaona visu vya Kimasai vimepangwa kwa ajili ya watalii, mpini umevikwa shanga, ala imevikwa shanga, nyekundu na buluu na nyeupe. Chomoa uone: mara nyingi ni chuma kisicho na makali yoyote, na mnunuzi hajali, kitaning'inizwa ukutani. Shanga zile zimetungwa na wanawake. Yaani mkono unaovalisha ala ya mtalii, na ala ya kijana wetu pia, ni mkono uleule unaotembea na kisu kitupu kwenye kitambaa. Sina ugomvi na uzuri. Kisu kizuri kinatunzwa, kinanolewa, hakisahauliwi kwenye nyasi. Nakataa tu uzuri huo kupewa kila mtu isipokuwa anayeutengeneza.

Mgawanyo huu haukuanzia kwetu, wala si wa Wamasai peke yao. Mwaka 1891 jeshi la Uswisi lilianza kuwapa askari wake kisu cha kukunja chenye bisibisi, kwa ajili ya kufungulia bunduki, na kifaa cha kufungulia makopo. Kundi la kwanza ilibidi litengenezwe Solingen, Ujerumani, kwa kuwa Uswisi hapakuwa na kiwanda cha kuweza kazi hiyo kwa wingi. Miaka sita baadaye, 1897, fundi Karl Elsener, ambaye kampuni yake leo inaitwa Victorinox, alitoa kisu chepesi zaidi na kizuri zaidi, akakiita cha maofisa. Jeshi halikukigawa, afisa aliyekitaka alijinunulia. Na ndicho kilichopata jina duniani, ndicho babu wa hicho chekundu ambacho wageni huwaachia waongozaji wao wanapoondoka. Kizito kwa anayefanya kazi, kizuri kwa anayeamuru. Lakini angalau yule askari alipewa kisu kilichobuniwa kwa kazi yake. Kuna mtu aliyekaa akajiuliza huyu atafungua nini, atakaza nini. Kwetu nani amewahi kukaa na mhunzi akamwambia nataka kisu cha kukatia magome na dumu, mkono wenyewe ni huu hapa, pima?

Mhunzi mwenyewe ana kisa chake. Kwa Wamasai, Ilkunono, watu wa ukoo wa uhunzi, walidharauliwa vizazi na vizazi. Hawakuolewa wala hawakuoa nje yao, na kulikuwa na desturi ya kupaka mikono mafuta kabla ya kushika silaha iliyotoka kwao. Walitengeneza mikuki yote iliyotufanya tuogopwe, nasi tukaona kinyaa kuwagusa. Huko bondeni Eyasi, upande wa Mang'ola, mafundi wa Kidatoga wanavukuta moto kwa mifuko ya ngozi ya mbuzi, wanayeyusha kufuli na bomba kuukuu kutengeneza bangili, wanafua misumari kuwa vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana asali. Ujuzi uko hapahapa, mwendo wa mteremko tu. Kinachokosekana ni mtu wa kuuagiza kwa ajili ya mama yake.

Najua majibu, nimeyasikia yote. La kwanza: sime ni ulinzi, kuna simba na fisi. Sawa. Sijasema baba avue sime. Ila niambieni, anayetoka alfajiri kufuata kuni na maji kwenye pori la nyati na tembo ni nani? La pili: mila hairuhusu mwanamke kubeba silaha. Anabeba tayari, kaka zangu, ameviringisha kwenye kitambaa. Mkimpa ala hamvunji mila, mnamwokoa paja. La tatu ni la wasomi wenzangu mjini, wanaoniambia huu ni uchumi mdogo sana wa kuandikia, niandike kuhusu ardhi na kuhamishwa. Nitaandika. Lakini familia zilizopakia vitu kwenye malori kwenda Msomera kuanzia Juni 2022 zilifika huko na kufungua mizigo, na mizigo ile ilifunguliwa kwa kisu, na sihitaji kuwapo ili kujua ni kisu cha aina gani na kilikuwa mkononi mwa nani.

Kuna methali wanasiasa wanaipenda, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kwetu haijawahi kuwa kweli. Ng'ombe akichinjwa, nyama ina wenyewe kabla kisu hakijanolewa: kuna sehemu ya wazee, ya morani, ya wanawake. Kisu kikali hakikuongezei mnofu. Kinachoongezeka ni urahisi wa kazi tu, na ndiyo maana hakuna sababu ya kukibania kiunoni kama cheo.

Basi wewe unayerudi Desemba na mshahara wa ulinzi, na hicho cha kukunja mfukoni. Cha kukunja kaa nacho, kifundo chake kikijaa majivu na mafuta ya kondoo hakitafunga wala kufunguka. Tafuta kipande cha springi, nyembamba kuliko ile ya sime. Mwambie fundi bapa liwe la vidole vinne, mgongo usiwe mnene, ncha isiwe kali sana kwa sababu kitakaa karibu na mtoto mgongoni. Mpini uwe wa mbao, mnene kidogo, umbo la kiganja cha mwanamke. Ala iwe ya ngozi nene, yenye kitanzi cha kupitishia mkanda. Usimpelekee mama kama zawadi ya sikukuu, ataifungia sandukuni amtunzie mjukuu. Mwachie karibu na jiko, kisha kile cha plastiki ukitupe mwenyewe.

Mimi nilimtengenezea wangu mwezi Machi. Wiki ya kwanza alisema ni kizito. Wiki ya pili jirani alikuja kukiazima, na ya tatu akaja tena na binti yake. Mama bado anasema ni kizito. Nimemrudishia fundi apunguze mgongo, na nimemwagiza vingine viwili.