Aliyelipia Faili Asihesabiwe Mara za Kulipakua

Maduka mengi ya mtandaoni yanayouza vitabu vya PDF, notisi za mitihani au michoro ya mishono hupokea fedha za mteja, humtumia kiungo, kisha humwambia apakue mara tatu tu ndani ya siku saba. Katika WooCommerce, programu inayoendesha maduka mengi madogo duniani, jambo hili huamuliwa na visanduku viwili ambavyo mwenye duka hukutana navyo anapoingiza bidhaa: kimoja cha idadi ya kupakua, kingine cha siku za uhai wa kiungo. Vikiachwa tupu, hakuna kikomo. Kwa bidhaa nyingi viachwe tupu, na hofu ya wizi inayowafanya wauzaji wavijaze ielekezwe kwingine.

Mwizi anahitaji kupakua mara moja. Akishalipata faili analirusha kwenye kundi la Telegram, na hesabu ya mara tatu haimhusu tena. Anayekwama ni mnunuzi halali: aliyekatikiwa na bando faili likiwa nusu, aliyenunua kwa simu akataka kusomea kwenye kompyuta, aliyeibiwa simu mwezi uliofuata. Tena kiungo hutumwa kwa barua pepe, ilhali wengi wanaolipa kwa M-Pesa au Airtel Money hawaifungui mara kwa mara. Wengine anwani zao zilitengenezwa na kijana wa duka la simu, na nywila wameshaisahau. Siku saba zinakwisha kabla hawajajua kuna kiungo. Ndipo simu za malalamiko zinapoanza, na muuzaji anapoteza asubuhi nzima akituma upya kitu ambacho alishakiuza.

Uzoefu wa wachapishaji wakubwa unaunga mkono upande huu. Mwaka 2012 Tor Books, wachapishaji wa hadithi za kisayansi na fantasia, waliondoa kufuli za kidijitali kwenye vitabu vyao vya kielektroniki. Mwaka mmoja baadaye walisema hawakuona ongezeko la wizi. Mwaka huohuo wa 2012 Pottermore ilianza kuuza vitabu vya Harry Potter, na mafaili yaliyopakuliwa dukani kwake hayakuwa na kufuli bali alama inayoihusisha kila nakala na mnunuzi wake. Muuzaji wa Dar es Salaam au Nairobi naye anaweza kuchapa jina la mteja na namba ya oda chini ya kurasa. Mtu husita kurusha kundini kitabu chenye jina lake.

Mwandishi mdogo atasema Tor wana mtaji wa kumeza hasara, yeye hana. Ni kweli. Lakini uvujaji ulio ndani ya uwezo wake kuuzuia mara nyingi unaanzia dukani kwake mwenyewe: faili limewekwa Google Drive kwa kiungo kinachofunguka kwa yeyote, au mipangilio ya duka inampeleka mteja kwenye anwani halisi ya faili. Anwani hiyo ikishajulikana, hata asiyelipa anaingia, na kikomo cha mara tatu hakina kazi. Faili likae kwenye folda isiyofikika kutoka nje, programu ilitoe baada ya kuthibitisha malipo. Lipo pia suala la gharama. Video za masomo zenye gigabaiti kadhaa zikipakuliwa ovyo huongeza bili ya seva, na hapo kikomo kina sababu, mradi kitajwe kabla ya malipo. Kwa PDF ya megabaiti tano, hoja hiyo haina uzito.

Kutaja kabla kumeshakuwa sheria kwingine. Tangu Januari 1, 2025, jimbo la California nchini Marekani linamtaka anayedai "kuuza" bidhaa ya kidijitali aeleze kama mteja anapata leseni tu; anayempa mteja faili la kuhifadhi moja kwa moja amesamehewa sharti hilo. Wateja wana haki ya kuwa na wasiwasi: mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four, ndani ya Kindle za watu waliokwishalipa, na mwaka 2019 Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu, vilivyonunuliwa vilitoweka, ingawa fedha zilirudishwa.

Mwenye duka, fungua orodha ya bidhaa zako, ondoa kikomo kwenye kila faili dogo, na ukisahihisha kitabu, waliolipia toleo la zamani wapate jipya bila kudaiwa shilingi nyingine.