Mashine ya Kupumulia Ipewe Kiswahili Chake

Hazipiti siku nyingi katika visiwa vyetu bila ya mwananchi kulazwa juu ya meza ya upasuaji, akatiwa usingizi, na pumzi yake ikakabidhiwa mashine. Huyo aweza kuwa mama mwenye uvimbe tumboni, mvuvi aliyeshikwa na ngiri, au kijana aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu. Kwa muda wa saa moja, mbili au zaidi, uhai wake huwa mikononi mwa watu wachache na chombo kimoja. Leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa ni dogo, nalo ni majina ya kazi za chombo hicho.

Mwanadamu anapopumua mwenyewe, kiwambo hushuka, kifua hupanuka, na hewa huvutwa kuingia mapafuni. Akiisha kupewa dawa ya kulegeza misuli, ambayo wapasuaji huihitaji katika kazi nyingi za tumbo na kifua, mwendo huo husimama kabisa. Hapo mrija hupitishwa kinywani hadi katika koo la hewa, na mashine huisukuma hewa iingie. Tofauti hii baina ya kuvuta na kusukuma ndiyo mzizi wa istilahi nyingi za fani hii.

Ulimwengu ulijifunza thamani ya kusukuma hewa mjini Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, wakati wa mripuko wa polio. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alionyesha kwamba mgonjwa aliyepooza aweza kupulizwa hewa kwa mkono kupitia tundu lililotobolewa kooni. Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu, usiku na mchana, kubinya mifuko ya mpira. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua, ambao hapo kabla karibu tisa katika kila kumi walikufa, vifo vyao vilishuka hata chini ya nusu. Mashine za leo ni watoto wa mikono ile.

Sasa tutazame lugha tunayoitumia mbele ya mashine hizo. Muuguzi akisema kwamba presha imepanda, masikio ya wengi yatafahamu shinikizo la damu. Kumbe huenda alikusudia shinikizo la hewa iingiayo mapafuni. La kwanza lina dawa zake. La pili pengine ni mrija uliojikunja tu, nao wahitaji mkono wa kuunyoosha. Sekunde zinazopotea katika kuulizana ni presha ipi ni sekunde za mgonjwa.

Neno uzito nalo ni hivyo hivyo. Kiasi cha hewa kinachosukumwa kwa kila pumzi hukadiriwa kuwa mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya mgonjwa. Lakini ni kilo zipi? Si zile za mizani, bali zile zinazokadiriwa kutokana na kimo chake, kwa sababu mtu anenepapo mapafu yake hayanenepi. Mama mwenye kimo cha sentimita 160 hukadiriwa kuwa na kilo 52, hivyo pumzi yake haifai kuzidi kiasi cha mililita 416. Iwapo mizani imesoma kilo 95 na mtu akazitumia hizo, mashine itasukuma mililita 760. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2000, kwa wagonjwa mahututi wenye mapafu yaliyodhurika, ulionyesha vifo vya watu 31 katika kila 100 kwa waliopewa pumzi ndogo, na karibu 40 kwa waliopewa pumzi kubwa. Neno lisilo na maana moja laweza basi kuwa na gharama kubwa.

Waingereza waliuita ujazo wa pumzi moja kwa jina lililotokana na maji kujaa na kupwa. Ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani, wenye kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu katika mazungumzo ya kila siku, twalikariri jina lao bila ya kutambua kwamba picha hiyo ni yetu vile vile. Ujazo wa pumzi ukizidishwa kwa idadi ya pumzi hutoa ujazo wa dakika: mililita 416 mara 12 ni takriban lita 5. Mashine haiachi mapafu yapwe kabisa. Kama vile mwambani hubaki vidimbwi maji yanapotoka, ndivyo shinikizo dogo, mara nyingi la sentimita 5 za maji, linavyobakizwa mwisho wa kutoa pumzi ili vifuko vya hewa visinywee. Tukiliita shinikizo la kupwa, ni mwanafunzi gani wa Makunduchi au Micheweni atakayelisahau?

Aidha, yapo mashinikizo mengine mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. Shinikizo la kilele ni lile la juu kabisa hewa inapoingia. Shinikizo la utulivu ni lile linalosomwa hewa ikiwa imesimama kidogo mapafuni, nalo hutakiwa lisivuke sentimita 30 za maji. Kilele kikipanda na utulivu ukabaki chini, kizuizi kimo njiani: mrija umejikunja, umezibwa na makohozi, ama njia za hewa zimebana. Vikipanda vyote viwili, mapafu yamekuwa magumu au kifua kimegandamizwa. Ni maneno mawili yenye njia mbili za kumuokoa mtu.

Hatusemi haya kwa ajili ya wataalamu peke yao. Mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuelezwa. Wapo wanaosikia kuwa ndugu yao atawekwa kwenye mashine wakaanza kutayarisha matanga, ilhali mashine ya chumba cha upasuaji kwa kawaida huondolewa mara kazi imalizikapo na pumzi kurejea. Wapo pia wasiojua kuwa dawa ya usingizi, dawa ya ganzi na dawa ya kulegeza misuli ni vitu vitatu mbalimbali, na kwamba kulegea si kulala. Mtu hawezi kutoa ridhaa ya kweli kwa jambo asilolifahamu.

Watakuwapo watakaopinga, wakisema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya vioo vya mashine na vitabu vya chuoni. Hilo ni kweli, wala hatuombi herufi za kwenye vioo zifutwe. Tunachoomba ni kwamba kila herufi iwe na maana moja ya Kiswahili inayojulikana na wote, kutoka kwa daktari bingwa hadi kwa fundi wa vifaa na mpokezi wa zamu ya usiku. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilikwisha kuthibitisha kuwa lugha hii haishindwi na sayansi. Na ikumbukwe kwamba ni Kiunguja kilichoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha iliyoubeba mzigo huo haitalemewa na mashine.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa Wizara ya Afya ishirikiane na Baraza la Kiswahili la Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinachofundisha Kiswahili na udaktari pamoja, waketi na wauguzi na wataalamu wa usingizi wa Mnazi Mmoja, Chake Chake, Wete na Abdalla Mzee. Wakubaliane kwanza juu ya maneno thalathini tu, yale ya lazima. Maneno hayo yachapishwe katika kadi ibandikwe kwenye kila mashine, na yatumike katika karatasi za kumkabidhi mgonjwa kutoka zamu moja hadi nyingine na kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Na katika kila mkataba wa ununuzi, Serikali idai kuwa muuzaji alete maelezo na mafunzo kwa Kiswahili, kama inavyodai vipuri.

Gharama ya kazi hii ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya mashine moja. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lugha ni mbacha wetu. Na tuutandike pale ambapo ndugu zetu wamelazwa, wasiweze kusema wala kupumua kwa nguvu zao wenyewe.