Siri ya uwanja bora wa gofu imo katika mambo madogo

JUMAPILI ya Julai 17, 2022, Cameron Smith wa Australia alifika kwenye shimo la 17 katika uwanja wa Old Course mjini St Andrews, Scotland, akiwa mbele kwa mkwaju mmoja tu. Mashindano ya The Open yalikuwa yakiandaliwa kwa mara ya 150, na mkwaju wake wa pili ulikuwa umeangukia pabaya. Kati ya mpira wake na bendera palikuwa na mtego mmoja wa mchanga, mdogo lakini wenye kina kirefu.

Smith hakuthubutu kuurusha mpira juu ya mtego huo. Alichukua kijiti cha kusukumia, akauviringisha mpira kando ya ukingo wa mchanga na kuupandisha mwinuko. Kisha aliutia shimoni kwa mkwaju uliofuata. Dakika chache baadaye alitawazwa bingwa kwa tofauti ya mkwaju mmoja.

Mtego huo ndio uliomfedhehesha Tommy Nakajima wa Japani mnamo 1978. Mjapani huyo alikuwa ameufikisha mpira kwenye grini, yaani uwanda ule wa nyasi laini wenye shimo na bendera, kwa mikwaju miwili pekee. Aliposukuma mpira wake, mwinamo wa ardhi uliubeba hadi mchangani. Ilimbidi apige mara nne ndipo atoke, na akaliacha shimo hilo kwa mikwaju tisa.

Visa hivyo viwili, vilivyotenganishwa na miaka 44, vinaibua swali ambalo wasimamizi wa viwanja vya gofu kote duniani, Kenya ikiwemo, hawawezi kuendelea kulikwepa. Je, uwanja bora ni ule mrefu na wa gharama kubwa, au ni ule ambao msanifu wake alijua mahali hasa pa kuweka mteremko, mchanga na maji?

Swali hili si la matajiri wanaopunga upepo wikendi pekee. Linahusu ardhi, linahusu maji, na linahusu fedha za wanachama na za wadhamini.

Mbio za kurefusha viwanja

Kwa miongo kadhaa, mipira na vijiti vya kisasa, pamoja na mazoezi makali ya viungo, vimewawezesha wachezaji wa kulipwa kupiga mbali kuliko watangulizi wao. Viwanja vingi vimejibu kwa njia moja: kurudisha nyuma mahali pa kuanzia ili shimo liwe refu zaidi.

Klabu ya Augusta National nchini Marekani, nyumbani kwa mashindano ya Masters, ililazimika kununua ardhi ya klabu jirani ili kupata nafasi ya kurefusha shimo lake la 13. Mnamo 2023 shimo hilo liliongezwa yadi 35, likafika yadi 545.

Hata St Andrews haikusazwa. Mnamo 2010 shimo la 17 lilirefushwa kutoka yadi 455 hadi 495, na mahali papya pa kuanzia pakawekwa nje ya mpaka wa uwanja wenyewe, upande wa uwanja wa mazoezi. Kisha Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba Old Course itaongezwa zaidi ya yadi 130 kwa matayarisho ya The Open ya 2027.

Mashirika mawili yanayosimamia kanuni za mchezo huu, R&A na USGA, nayo yaliingilia kati. Desemba 2023 yalitangaza kipimo kipya kitakachopunguza umbali ambao mpira unaweza kusafiri. Awali ilipangwa kipimo hicho kianze 2028 kwa wachezaji wa ngazi ya juu na 2030 kwa wengine wote. Mashirika hayo yalieleza wazi kwamba kuendelea kurefusha viwanja ni mzigo wa gharama na wa mazingira ambao mchezo huu hauwezi kuubeba daima.

Hoja hiyo ina uzito. Kila yadi inayoongezwa ni ardhi ya kununuliwa au kufyekwa, ni nyasi za kunyweshewa maji na kutiwa mbolea, ni mafuta ya mashine na ni muda zaidi wa kutembea. Isitoshe, mchezaji wa kawaida, ambaye ndiye anayelipa ada ya klabu mwezi baada ya mwezi, hafaidiki hata kidogo na mahali pa kuanzia palipowekwa kwa ajili ya mabingwa.

Mwinamo, ukingo na pembe

Wasanifu mahiri walilijua jibu jingine tangu zamani. Augusta hiyo hiyo iliyonunua ardhi kwa ajili ya shimo la 13 ina shimo la 12 lenye yadi 155 tu, umbali ambao mchezaji wa kulipwa anaumudu kwa kijiti kifupi. Hata hivyo, ni mashimo machache duniani yaliyovunja matumaini ya mabingwa kama hilo.

Siri yake ni pembe. Grini yake ni pana lakini haina kina, na imelazwa mshazari kiasi kwamba upande wa kulia uko mbali zaidi kuliko wa kushoto. Mbele yake pana kijito na ukingo ulionyolewa nyasi. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia akikosea kidogo, mpira huelekea kulia na kupungukiwa nguvu. Huko ndiko hasa umbali unakohitajika zaidi. Mpira huanguka ukingoni na, kwa kuwa nyasi ni fupi, huviringika hadi majini.

Mnamo 2016 Jordan Spieth, aliyekuwa ameongoza kwa mikwaju mitano baada ya mashimo tisa ya kwanza siku ya mwisho, alitumbukiza mipira miwili majini hapo na kumaliza shimo hilo kwa mikwaju saba. Mnamo 2019 Francesco Molinari wa Italia naye alipoteza mpira katika kijito hicho alipokuwa akiongoza, na Tiger Woods akanyakua taji.

Laiti nyasi za ukingoni zingeachwa zikue kidogo, mipira mingi ingenaswa kabla ya kufika majini. Tofauti kati ya kunusurika na kuangamia ni kimo cha nyasi, jambo linaloamuliwa na mtu mwenye mashine ya kufyeka asubuhi.

Alister MacKenzie, aliyeusanifu uwanja huo pamoja na Bobby Jones, alikuwa daktari kwa taaluma. Alihudumu katika vita vya Makaburu nchini Afrika Kusini, na huko alivutiwa na jinsi wapiganaji wa Kikaburu walivyojificha kwa kutumia maumbile ya ardhi. Ujuzi huo aliuhamishia katika gofu: mwinuko uliojengwa kwa mikono ya watu uonekane kana kwamba uliumbwa hapo, na macho ya mchezaji yadanganyike kuhusu umbali.

Nyasi kutoka Kenya

Mfano mwingine una mizizi yake hapa nchini. Uwanja wa Riviera jijini Los Angeles, ambao umeteuliwa kuandaa gofu katika Michezo ya Olimpiki ya 2028, umefunikwa na nyasi za Kikuyu, zilizopewa jina hilo kwa sababu ya asili yake katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nyasi hizo zilisambaa katika mabara mengine kama malisho ya mifugo na kinga dhidi ya mmomonyoko wa udongo, ingawa katika nchi nyingi huhesabiwa kuwa magugu sugu.

Nyasi za Kikuyu ni ngumu na husimama wima. Zikikatwa vizuri, huuinua mpira na kumrahisishia mchezaji kazi. Lakini mpira ukirushwa chini chini kuelekea kwenye grini, nyasi hizo huudaka na kuukwamisha. Kwa hivyo aina ya nyasi pekee hubadilisha mbinu ya mchezo mzima.

Shimo la 10 la uwanja huo lina yadi 315 pekee. Mabingwa wengi wanaweza kulifikia kwa mkwaju mmoja, na huo ndio mtego wenyewe. Grini ni nyembamba, imekaa mshazari, na imezungukwa na mchanga. Anayetanguliza akili huuweka mpira upande wa kushoto ili apate pembe nzuri ya mkwaju wa pili. Anayetanguliza nguvu anaweza kujikuta akitoka mchanga huu na kuingia mchanga ule. Msanifu George Thomas alilibuni shimo hilo miaka ya 1920, na bado linawatatiza wachezaji wenye vifaa vya karne hii.

Kupunguza ndiko kuongeza

Wapo wanaodai kwamba mambo hayo madogo ni anasa ya klabu tajiri. Ukweli ni kwamba mara nyingi hupunguza gharama, kama inavyodhihirishwa na uwanja wa Pinehurst nambari 2 katika jimbo la North Carolina.

Uwanja huo, uliosanifiwa na Donald Ross, unasifika kwa grini zenye umbo la bakuli lililofunikwa. Mpira usiotua mahali pake huteleza hadi kando. Kwa miaka mingi wasimamizi waliuzungushia nyasi za kijani kila pembe, hadi sura yake ya asili ikapotea.

Kati ya 2010 na 2011, wasanifu Bill Coore na Ben Crenshaw waliondoa takriban ekari 35 za nyasi na kurejesha mchanga na mimea ya porini. Vinyunyizio vya maji vilipunguzwa kutoka 1,150 hivi hadi takriban 450.

Matokeo yalionekana Juni 2014, mashindano ya U.S. Open ya wanaume na ya wanawake yalipoandaliwa hapo kwa wiki mbili mfululizo, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika. Martin Kaymer wa Ujerumani alishinda upande wa wanaume, mara nyingi akitumia kijiti cha kusukumia hata akiwa nje ya grini. Michelle Wie akatwaa taji la wanawake. Uwanja uliotumia maji machache ulikuwa umewapima mabingwa wa jinsia zote mbili.

Funzo kwa Kenya

Somo hilo linaihusu Kenya moja kwa moja. Kenya Open, iliyoanzishwa 1967 na iliyowahi kushindwa na Seve Ballesteros mnamo 1978, iliingizwa katika ratiba kuu ya Ziara ya Ulaya mwaka wa 2019. Tangu hapo viwanja vya Karen na Muthaiga vimekuwa vikipokea wachezaji wanaopiga mbali sana, na jiji la Nairobi liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huufanya mpira usafiri mbali zaidi.

Kushindana na hali hiyo kwa kurefusha viwanja ni sawa na kukimbiza kivuli. Viwanja hivyo vimezingirwa na makazi, na ardhi ya jiji ni ghali mno. Maji nayo ni haba: Nairobi ilianza kugawiwa maji kwa zamu Januari 2017 baada ya kiwango cha bwawa la Ndakaini kushuka. Hata klabu yenye kisima au bwawa lake haiwezi kujitenga na jiji linalosubiri siku ya mfereji kutiririka.

Njia nyingine ipo. Ni kuhamisha mtego mmoja wa mchanga hadi pale ambapo unamlazimu mchezaji kufikiri. Ni kuacha sehemu zisizochezewa zimee nyasi za asili. Ni kuhakikisha mvua ya masika inaondoka kwenye grini haraka, na kuwawekea wanawake, wazee na watoto mahali pa kuanzia panapowafaa. Pwani, uwanja wa Vipingo Ridge katika kaunti ya Kilifi, uliosanifiwa na David Jones, bingwa wa Kenya Open wa 1989, ulijengwa katika eneo la mashamba ya mkonge. Huko upepo wa bahari ni sehemu ya mchezo bila kugharimu hata shilingi.

Kuna hazina nyingine inayopuuzwa: makedi, wale wanaobeba mifuko ya wachezaji. Wao hujua mpira unapinda wapi, maji hutuama wapi, na ni mtego gani ambao haujamsumbua mtu yeyote kwa miaka. Klabu inayopanga ukarabati bila kuwasikiliza inatupa ramani iliyochorwa kwa miguu.

Bila shaka mambo madogo hayaponyi kila kitu. Mchezaji mwenye nguvu ataendelea kuwa na nafasi nzuri, na mashindano makubwa yatahitaji urefu wa kiasi fulani. Vilevile, mwinamo uliokithiri au mtego uliofichwa kwa hila unaweza kuugeuza mchezo kuwa bahati nasibu. Usanifu mzuri humwadhibu aliyekosea, lakini humwachia aliyefikiri njia ya kutokea, kama ile aliyoiona Smith kando ya mchanga.

Klabu zinazojiandaa kutumia mamilioni ya fedha kurefusha viwanja zingefanya vyema kuanza kwa kutembea uwanjani mvua inaponyesha na nyasi zinapokatwa, na kuuliza kila ukingo una kazi gani. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.