Bi Harusi, Uone Mji kwa Macho Yako Kabla Hujafunga Sanduku



Kazi yangu ni cherehani. Mabinti wanakuja kupimwa nguo za harusi, na huku nawapima tunazungumza. Swali langu la kawaida ni hili: "Ukishaolewa utakaa wapi?" Zamani jibu lilikuwa Fuoni, Mwanakwerekwe, Chukwani. Siku hizi nawasikia wengi wakisema Bagamoyo. Bwana anafanya kazi Dar, kodi za Dar zimemchosha, kapata nyumba Bagamoyo kwa bei ya afadhali. Nikiuliza, "Umeiona?" jibu huwa, "Kanitumia picha."

Jamani, hapo ndipo leo nataka tusemezane. Mimi naona binti asikubali kuhamia mji ambao hajauona kwa macho yake, na kuuona si kwenda kutembea siku ya mapumziko. Afuatane na mama, shangazi au kaka, alale huko angalau usiku mmoja wa siku ya kazi, kisha ndiyo aseme ndiyo au hapana.

Jambo hili nalisema kwa sababu limo nyumbani kwangu pia. Mume wangu yuko Dar, na sisi vilevile tunaitazama Bagamoyo. Nimekwenda mara mbili kwa makusudi, mara moja Jumapili na mara ya pili Jumapili hadi Jumanne. Ni mji mmoja wenye sura mbili.

Mji wa Jumapili

Wallahi Jumapili Bagamoyo inapendeza. Mtu wa Mji Mkongwe hajioni mgeni kule. Kuna milango ya nakshi, baraza na nyumba za mawe na chokaa, na adhana inakufikia ulipo. Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, maana yake Uislamu katika pwani ile una mizizi mirefu. Huu ndio mji wa Sheikh Ramiya, aliyeisimamisha twarika ya Kadiriya pale na kufundisha watu dini mpaka alipofariki mwaka 1931. Misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikiishia hapa kabla ya kuvuka kuja kwetu Unguja, na Wajerumani waliufanya makao yao makuu mpaka 1891, kisha wakahamia Dar.

Jina lenyewe wenyeji wanalieleza kwa namna mbili. Wako wasemao ni mahali ambapo mpagazi alibwaga mzigo akatua moyo. Wengine wanasema ni mahali ambapo mtumwa aliuacha moyo wake, kwa kuwa mbele yake ilikuwa bahari tu. Nafikiri kila mwanamke anayehamia pale afikirie ni Bagamoyo ipi kati ya hizo mbili inayomngoja.

Mji wa Jumatatu

Kutoka Bagamoyo hadi katikati ya Dar ni karibu kilomita 70. Barabara ni ya lami na kwenye karatasi safari ni nyepesi. Lakini ukipita Bunju ukaikaribia Tegeta, foleni inaanza, na asubuhi haina huruma.

Jumatatu ile nilisali Alfajiri mara tu baada ya adhana, nikapanda daladala na watu wanaokwenda kazini, maana nilitaka kujua mume wangu atakachopitia kila siku. Nikarudi nao jioni. Magharibi ilitukuta njiani, na wanaume wengi mle garini walikuwa wamelala vichwa vimeinama. Nikakaa nikahesabu. Baba anatoka watoto wamelala, anarudi Isha imeshaadhiniwa, siku tano au sita za wiki. Mke anashinda peke yake katika mji asiokuwa na ndugu. Mgonjwa akizidiwa saa nane mchana, baba yuko mbali. Hayo hayaonekani kwenye picha ya nyumba.

Simsemi bwana vibaya. Anayehangaika hivyo kutafuta riziki ya halali ana ujira wake kwa Mola. Lakini uchovu wake utaingia nyumbani pamoja naye, na ni bora mke aujue mapema kuliko kuja kudhani hapendwi.

Mambo ya kukagua

Maji kwanza. Nilichukua kipande cha kitambaa cheupe na sabuni ya mche. Nyumba za karibu na bahari nyingine zina visima vya maji ya chumvi, sabuni haitoi povu na nguo inakauka ngumu. Uliza kama bomba la DAWASA limeingia ndani, na linatoa siku ngapi kwa wiki. Usimuulize dalali, muulize jirani mwenye ndoo.

Kuta ni la pili. Nyumba ya kale inavutia, lakini mawe na chokaa vinashika unyevu na chumvi. Weka kiganja ukutani nyuma ya kabati. Kama panatota, hariri na lesi zako zitaota ukungu kabla ya Ramadhani. Na kama mnataka kununua nyumba ya mji wa kale, ujue haibomolewi wala kubadilishwa bila kibali cha watu wa Mambo ya Kale, kama tulivyozoea Mji Mkongwe.

La tatu ni kazi yako. Leseni ya biashara ya Unguja haivuki bahari pamoja nawe. Kule utaanza upya halmashauri, na kodi ni TRA. Mimi nilizunguka sokoni kutwa, nikatazama mafundi wanashona nini, vitambaa wananunua wapi, na wateja wao ni nani. Binti mwenye kazi ya mikono asiambiwe "utaanza tu ukifika". Kuanza kunataka mtaji na watu wanaokujua.

La nne ni njia ya kurudi kwa mama. Kwenye ramani Unguja iko hapo ng'ambo tu, haifiki kilomita 50. Lakini boti za kasi zinaondokea Dar. Kwa hiyo ukipigiwa simu usiku kwamba mama anaumwa, uende Dar kwanza, usubiri boti ya asubuhi, kisha takriban saa mbili za bahari. Lihesabu hilo, na nauli yake pia.

La tano ni ahadi za kesho. Ukiambiwa "nunua sasa, bandari inakuja", kumbuka mkataba wa bandari ya Bagamoyo ulitiwa saini 2013, jiwe la msingi likawekwa 2015, na mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Nunua nyumba kwa maisha yaliyopo leo, si kwa uvumi.

"Mke humfuata mume"

Najua nitajibiwa hivyo, na kwamba binti mwenye tawakali hakagui. Ni kweli mke humfuata mume. Lakini Qur'ani katika Suratut Talaq imewataka waume wawape wake makazi kwa kadiri ya uwezo wao, wala wasiwadhiki. Makazi ni haki, na mwenye haki anaruhusiwa kuitazama. Tawakali nayo, Mtume (s.a.w.) alitufundisha tumfunge ngamia kwanza. Sali istikhara, shauriana na wazee, na miguu yako ifanye kazi yake.

Kama una sharti la mahali pa kukaa, lisemwe kabla ya ndoa. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya nguvu ya sharti kama hilo, basi muulize sheikh wako mapema. Siku ya kufungisha virago si siku ya kuuliza.

Na bwana harusi unayesoma kwa simu ya mchumba wako, usione binti kutaka kuona mji ni dharau. Anayekagua ndiye anayekusudia kukaa. Asiyekagua ni rahisi kurudi kwao mwezi wa tatu.

Sisi bado hatujahama. Tumekubaliana tukipata nyumba yenye maji matamu tupange miezi sita, tusinunue, na duka langu la Unguja libaki wazi kwa mikono ya mdogo wangu. Baada ya miezi sita kila mmoja aseme ukweli wake mbele ya mwenzake. Huo ndio mpango wetu, wako unaweza kuwa mwingine. Muhimu uwe umeuona mji ukiwa kazini, si ukiwa umevaa nguo za Jumapili.

Allah awape mabibi harusi wetu nyumba za utulivu, majirani wema na waume wanaosikiliza. Aamin.