Faini ya Maktaba Iandikwe Nje ya Programu

Nina neno, na nisipolisema litanikaba koo.

Muhula uliopita msichana mmoja, mwenyeji wa pande za Molo, alirudisha kitabu maktabani siku 17 baada ya muda wake kwisha. Tarakilishi ikamdai shilingi 85. Maskini binti wa watu, akabaki ametoa macho! Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza gwarideni, sote tukisikia, kwamba faini imeshuka kutoka shilingi 5 kwa siku hadi shilingi 2. Kwa hesabu hiyo alipaswa kulipa 34. Mkutubi mwenyewe alikubali. Programu ndiyo iliyokataa, na programu ikikataa jina lako hubaki katika orodha ya wadaiwa, na mdaiwa haendi nyumbani na ripoti yake. Basi akalipa. Zile 51 za ziada zilikuwa za nauli.

Kwani kosa lilikuwa la nani? Programu ile iliandikwa na kaka mmoja aliyetutangulia, alipokuwa kidato cha nne. Kijana hodari, simlaumu sana. Tulipompigia simu alikiri kwamba ile 5 aliiandika katikati ya maagizo ya programu, tena mahali pengi, na maandishi ya asili yalipotea pamoja na flashi yake. Sisi tuliachiwa programu iliyokwisha kufungwa, isiyosomeka wala kurekebishika. Ile 5 imo humo kama kijiwe ndani ya wali.

Maoni yangu ni haya: jambo lolote linaloweza kubadilishwa na mkutano wa walimu lisiandikwe ndani ya programu. Liwekwe nje, katika faili ndogo ya mipangilio, maandishi matupu ambayo hata asiyejua programu anaweza kuyafungua kwa Notepad, akabadilisha tarakimu moja, akahifadhi na kuendelea na kazi yake. Kwa mfano:

[maktaba]
; faini ni kwa shilingi
siku_za_kukopa = 14
faini_kwa_siku = 2

Hivyo tu. Jina la fungu liko ndani ya mabano ya mraba, kisha jina la jambo, alama ya sawasawa na thamani yake. Mstari unaoanza na nuktamkato ni maelezo ya binadamu, tarakilishi huuruka. Windows ya miaka ya 1990 ilijaa faili za namna hii, zenye majina yanayoishia kwa .ini, na mpaka leo Python huja na kifaa chake cha kuzisoma kiitwacho configparser.

Na jambo hili si la maktaba ya shule peke yake. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa Korona, serikali ilishusha kodi ya VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Miezi tisa tu! Hebu fikiria mwenye duka pale Kenyatta Avenue, hapa Nakuru, ambaye programu yake ya risiti ina 16 iliyochimbiwa ndani. Amtafute fundi mara mbili, amlipe mara mbili, na kila siku anayochelewa risiti zake zina kasoro. Mwenzake aliye na faili ya mipangilio hubadilisha mstari mmoja kabla ya kufungua mlango asubuhi.

Najua kuna watakaopinga. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "We! Ukiiweka nje si watu watajiandikia sifuri?" Ni kweli, wapo. Ndiyo maana ruhusa ya kuiandika hupewa mkutubi peke yake, na neno la siri haliwekwi humo kamwe.

Mimi naona ugumu uko kwingine. Nilipojaribu mwenyewe, configparser iliniletea ile 2 kama neno, si kama nambari, maana kwake kila kitu ni maneno. Nikaizidisha kwa siku 17, Python ikaniandikia 22222222222222222. Darasa zima lilicheka! Kumbe ni lazima uiambie waziwazi kwamba hiyo ni nambari kamili, kwa agizo la getint. Na je, mkutubi akiandika "mbili" kwa herufi? Programu isimame na kumwambia ni mstari upi una kosa. Isijifanye imeelewa na kurudia 5 kimyakimya, maana hapo tutakuwa tumerudi palepale.

Kuandika nako kuna hatari yake. Hapa kwetu wingu likitanda tu juu ya Menengai, stima imepotea. Ikipotea wakati programu inaiandika faili upya, unaweza kuikuta tupu. Dawa ni kuandika faili mpya pembeni, ikikamilika ndipo uipe jina la ile ya zamani. Tena configparser ikiandika upya hufuta maelezo yote ya nuktamkato. Kwa faili ndogo kama hii, afadhali programu isome tu, kuandika tumwachie mkutubi.

Mmeona majina nimeyaweka kwa Kiswahili. Wenzangu wanasema eti ni mbwembwe za Chama cha Kiswahili. Mbona? Tarakilishi haijali. Tangu mwaka 2004, Jambo OpenOffice ilipotolewa kwa kazi iliyoshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wamekuwa wakiandika barua kwa programu yenye menyu za Kiswahili. Mkutubi wetu hajasomea programu, ila faini anaijua vizuri sana.

Programu mpya nimekwisha kuianza, na faili yake ndiyo hiyo hapo juu. Namwomba mwalimu wa tarakilishi aniruhusu kuijaribu maktabani kabla hatujafunga muhula huu. Na yule binti wa Molo bado anangoja shilingi 51 zake.