Makosa 61, miaka 25: utoto wa Ongwen ulikuwa na uzito gani?

Tarehe 6 Mei 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (CPI) huko La Haye ilimhukumu Dominic Ongwen, kamanda wa zamani wa waasi wa LRA, kifungo cha miaka 25. Alikutwa na hatia ya makosa 61 yaliyotendwa kaskazini mwa Uganda kati ya 2002 na 2005: mauaji, mateso, utumwa, ndoa za lazima, kuingiza watoto vitani.

Mawakili wa wahanga waliomba kifungo cha maisha. Upande wa utetezi uliomba miaka 10. Kati ya hapo palikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulikana: Ongwen mwenyewe alitekwa na LRA akiwa na umri wa miaka tisa hivi, njiani kwenda shule.

Majaji hawakujumlisha tu. Kila kosa lilipewa adhabu yake, kubwa zaidi ikiwa miaka 20, kisha ikatolewa adhabu moja ya jumla. Mkataba wa Roma unasema jumla hiyo haiwezi kuwa chini ya adhabu kubwa kuliko zote, wala kupita miaka 30, isipokuwa kifungo cha maisha. Utoto wake ndio uliomwepusha na maisha gerezani. Hoja kwamba alikuwa mgonjwa wa akili au alitenda kwa kulazimishwa zilikataliwa, na ile ya kutumia mila za Waacholi pia. Jaji mmoja, Raul Pangalangan, aliona miaka 30 ndiyo ingefaa.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Mateso ya utotoni yanaeleza jinsi mtu alivyofika msituni. Hayaelezi kwa nini, akiwa mtu mzima mwenye cheo, aliwafanyia watoto wengine yaleyale aliyofanyiwa.

Kwa Kongo swali hili si la mbali. Sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inamwondoa aliye chini ya miaka 18 mbele ya korti za kawaida. Shida ni yule aliyechukuliwa na kundi la silaha akiwa na miaka 10, akakamatwa akiwa na 30. Kwake inabaki Kanuni ya Adhabu: kifungu cha 20 kinataka adhabu kwa kila kosa, kisha zijumlishwe bila kupita miaka 20, huku adhabu ya kifo au ya maisha ikimeza vifungo vingine. Kifungu cha 18 kinaruhusu kupunguza, na cha 19 kinamlazimu hakimu azitaje moja moja sababu za kupunguza.

Hicho cha mwisho ndicho chenye maana kubwa. Mama aliyepoteza watoto wake anaweza kukubali kwa shida hukumu iliyopunguzwa kwa sababu iliyoandikwa wazi. Isiyo na maelezo ataiita rushwa, na ni vigumu kumlaumu.

Mnamo Februari 2024, CPI iliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa wahanga wa Ongwen, karibu watu 50,000, kila mmoja euro 750 za heshima. Wote ni wa Uganda. Mashtaka yake hayakugusa Kongo, kwa hiyo familia za Faradje, ambako LRA waliua watu siku ya Noeli 2008, hazimo kwenye orodha hiyo.