Nani Amewasha Taa?



Ndugu waamini, sisi wa kandokando ya ziwa tunajua jinsi dagaa wanavyovuliwa. Usiku wa giza mvuvi huwasha taa juu ya maji: zamani karabai, siku hizi taa za betri. Dagaa huifuata nuru, huizunguka, na wavu huwainua. Sijapata kumsikia mtu pale Mwaloni Kirumba akiwalaumu dagaa kwa uvivu.

Lakini wanachuo wetu wa Malimbe na Bugando twawalaumu. Twasema wamelegea, wameacha kusali. Kijana mmoja alinijia (si katika kitubio, naye ameniruhusu kusimulia). Kwa majuma mengi hakulala kabla ya saa tisa usiku, simu mkononi, picha baada ya picha: wenzake wanacheka, wanapendeza, wanachumbiwa, naye akajiona takataka. Akashindwa mitihani. Nyumbani wakasema amerogwa. Alipofika kwangu alikuwa ameanza kutamani asingezaliwa.

Je, taa hiyo aliiwasha nani? Sean Parker, rais wa kwanza wa Facebook, alikiri hadharani mwaka 2017 kwamba walikusudia kuuteka muda na usikivu wa watu kadiri iwezekanavyo, kwa kuutumia udhaifu wa nafsi ya binadamu. Aza Raskin, aliyebuni mwaka 2006 ukurasa usio na mwisho, ameujutia. Mwaka 2021 Frances Haugen alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo: watafiti wake wenyewe walikwisha kuona kwamba Instagram iliwazidishia baadhi ya wasichana chuki juu ya miili yao. Biashara iliendelea, maana kinachouzwa kwa watangazaji ni macho ya watoto wetu.

Sisemi kila huzuni ya mwanachuo yatokana na simu. Iko njaa, iko karo, uko mkopo unaochelewa. Na mwenye huzuni ndiye akimbiliaye simu kwanza. Lakini mwaka 1891, katika Rerum Novarum, Papa Leo XIII aliitetea haki ya mfanyakazi kupumzika. Mwenye kiwanda wa siku zile walau alikuwa na kengele ya kufungia kazi. Basi, wanaosema jambo hili ni la maadili ya vijana tu, wala si la haki, wamesoma nusu ya mafundisho ya Kanisa.

Nasi tujitazame. Ni nani anayetuma ujumbe wa michango ya jumuiya saa tano usiku, kisha akanuna asipojibiwa? (Hata mapadre. Nami nimo.)

Viongozi wa walei, kila parokia yenye wanachuo iteue watu wawili wa kuwasikiliza, watakaojua njia ya kumfikisha kijana kwa madaktari wa magonjwa ya akili pale Bugando, badala ya kumpeleka kwa mganga, au kumwombea na kumwacha. Majina yaletwe kwa katibu wa kamati kabla ya Majilio. Yule kijana amerudi darasani. Usiku simu yake hukaa kwa mwenzake wa chumbani.